Kufuli Lililoanguka Dukani

Ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, ikikauka nusu ina harufu yake, na si hii mnayoijua ninyi mnaonunua sokoni zikiwa kavu kama majani. Asubuhi zinanuka maji ya ziwa tu. Saa sita, jua likishakaza, zinaanza kutoa harufu kali yenye utamu ndani yake, inaingia kwenye nywele, kwenye shuka, mpaka kwenye daftari la shule. Nilikulia ndani ya harufu hiyo, Minago, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, na mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka kumi na mitatu, ninaichukia harufu ile kwa sababu nilijua nitaiacha. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa darasa la sita. Kolegi ya masista, sekondari ya bweni huko juu milimani, ilikuwa imenikubali, na aliyemaliza pale alikuwa anatoka mwalimu au muuguzi. Shule yetu nzima ilitoa wasichana wawili tu, mimi na Jozefina, binti wa katekista. Sijisifu. Au basi najisifu, nani atanikataza, nimeshazeeka. Mimi nilikuwa wa kwanza, Jozefina alikuja nyuma yangu, na alijua.

Zamani hizo ndagala zilianikwa mchangani, si juu ya hizi nyavu za kuinua mnazoziona leo. Wanawake walizibeba kwa beseni kutoka mtumbwini, na nyingine zilidondoka njiani. Zile zilizodondoka zilikuwa zetu sisi watoto, tuliziita za mchangani. Kuokota kulikuwa na sheria yake. Unamwacha mwenye beseni apite hatua kumi. Akigeuka kabla ya hapo, ni zake. Akishapita kumi, ni zako, hata akikuona kwa macho yake. Na mwanamke aliyeinama kuokota alichokidondosha alichekwa mpaka jioni. "Mama fulani iko na njaa leo," walimwambia, "mumupe hata muhogo." Wengine, wakimwona mtoto ambaye baba yake hayupo, walitikisa beseni makusudi huku wanatazama mbele. Mimi walinitikisia sana. Baba yangu alikuwa mvuvi kutoka ng'ambo, Kongo. Siku moja alivuka kwenda kwao kutafuta nyavu, na mpaka leo anatafuta.

Kolegi ilituma orodha. Shuka mbili, sahani, kikombe, jembe dogo, sanduku lenye kufuli. Na chini kabisa, barua ya tabia njema iliyosainiwa na direkta wa shule. Bila barua hiyo mtoto hapokelewi, hata kama amefaulu namna gani. Mama alizungukia watu akapata karibu vyote. Sanduku lilikuwa la bati, lilikuwa la mjane wa mwalimu mmoja, limeliwa na kutu pembeni lakini linafunga. Kufuli ndilo lililokosekana. "Utafunga na kamba," mama akasema. Nilijiona nikiingia kwa masista ninaburuta sanduku lililofungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu, na Jozefina kando yangu na kufuli lake linang'aa. Sikulala vizuri wiki ile.

Ijumaa mama akanituma sabuni kwa Patroni Zakaria, mwenye duka la barabara kubwa. Mezani kwake palikuwa na bakuli la makufuli madogo ya rangi ya dhahabu, kila moja na funguo zake mbili. Mbele yangu alikuwa mwanamke mnene aliyevaa kitenge cha kupepea. Alipogeuka, upindo wake ukafagia meza na kufuli moja likaanguka. Lilifanya mlio mdogo juu ya sakafu ya saruji, ti, basi. Patroni alilipita. Nilianza kuhesabu hatua zake. Duka lile lilikuwa dogo, hatua kumi hazimo ndani yake, kwa hiyo nilihesabu za kwenda stoo kuleta sabuni, nikahesabu na za kurudi. Zilifika kumi na moja. Nikainama, nikaokota, nikaliingiza kifuani chini ya nguo.

Mke wa Patroni alinishika mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye mfuko wa mchele muda wote, ameniona ninavyohesabu kwa midomo. Kelele zake zilimleta polisi wa komini kutoka posti, kituo chao cha sokoni, mtu mrefu, mpole, ambaye upole wake ulinitisha kuliko kofi. Nikamweleza. Lilianguka, mwenyewe akapita, nilimwacha apite. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja: "Kama ni lako, mbona ulilificha?" Nimekuwa na miaka zaidi ya hamsini ya kutafuta jibu la swali hilo, na siku ile nilikuwa na dakika moja. Wakafunga kufuli kwenye kamba, wakanivika shingoni, nikatembezwa sokoni nalo linanigonga kifuani. Posti wakaandika jina langu katika kitabu kikubwa, wakaniweka kasho, mahabusu yao. Kile chumba kilikuwa na dirisha la kuingiza mkono tu. Kutoka pale nilisikia ufukwe wote: wanawake wanaitana, beseni zinawekwa chini, watoto wanagombania za mchangani. Jozefina alikuja mpaka barabarani. Niliona gauni lake la bluu, likasimama kidogo, likaondoka.

Jioni mama alinitoa, na hakwenda nyumbani, alinipeleka moja kwa moja kwa direkta. Direkta alikuwa amekaa uwanjani kwake anamenya maharagwe na watoto wake. Hakutukaribisha kiti.

"Mama Feza, karatasi ya masista inaniuliza kama mutoto ana tabia njema. Na jina lake iko mu kitabu cha polisi. Nikisaini, nimewadanganya masista."

"Ufute basi, direkta. Ni kufuli tu."

"Kitabu si changu. Aliyeshitaki ndiye anaweza kuondoa. Gari ya kolegi inapita Jumatatu asubuhi. Munilete neno la Zakaria kabla ya hapo, nitasaini hata njiani."

Jumamosi tukaenda kwa Patroni. Mama alibeba kikapu cha ndagala, zile nzuri, na alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Lazima niseme ukweli, Patroni Zakaria hakuwa mtu mbaya. Alikisukuma kikapu kando kwa mguu, taratibu, bila dharau.

"Mama Feza, samaki zako rudi nazo. Kufuli nimeshalipata. Nataka kitu kimoja, huyu mutoto aseme mwenyewe hapa, niliiba. Akisema, ninavaa viatu, ninakwenda naye posti, tunafuta."

Mama akanigusa mgongoni. Duka lilikuwa limejaa, Jumamosi watu wote wananunua chakula cha wiki. Nikamtazama Patroni nikasema, "Niliokota."

"Uliokota wapi?"

"Chini."

"Chini kwa nani?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mwanangu, duka si mchanga. Sema neno moja uende shule."

"Niliokota."

Mama akanifinya mkono mpaka ngozi ikageuka. Mke wa Patroni, kutoka kwenye mfuko wake wa mchele, akasema, "Kiburi cha ng'ambo hicho, kimevuka na mtumbwi." Nadhani ni maneno hayo yaliyonimaliza. Kama angenyamaza labda ningesema. Au pengine ninamsingizia, mwanamke wa watu, ameshakufa. Nikasema mara ya tatu, na safari hii kwa sauti, "Niliokota." Patroni akarudi nyuma ya meza yake. "Haya," akasema, "nenda ukaokote na kolegi."

Niwaambie sasa, kwa kuwa hakuna wa kunifinya. Niliiba. Nilijua nikiwa ninahesabu zile hatua, ndiyo maana nilihesabu. Mtu haokoti chake akakificha kwenye matiti ambayo bado hayajaota. Ile sheria ya mchangani ilikuwa sheria nzuri ya watu wema, na mimi niliibeba nikaiingiza mahali isipokaa, kwa sababu nilitaka kufuli na nilitaka pia kubaki msafi.

Jumatatu gari lilipita. Lilikuwa lori la bluu lenye turubai, limesimama mbele ya kanisa kumchukua Jozefina na sanduku lake. Nilikuwa ufukweni ninageuza ndagala kwa fagio, kwa sababu mama alinipa fagio asubuhi ile. Hakusema neno siku nne. Siku ya tano alisema, "Lete maji," na nikafurahi kama mtu aliyepewa zawadi.

Watu wanadhani adhabu ilikuwa kasho. Kasho ilikuwa saa chache. Adhabu ilikuwa kiangazi chote kile. Hakuna aliyenitukana, hilo mlijue, ufukwe wetu ulikuwa na heshima. Ila beseni ziliacha kutikiswa. Mwanamke akinikaribia alishika beseni kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto mchanga. Watoto waliokuwa wakiokota nami walihamia upande wa mitumbwi ya juu, na nilipowafuata walirudi chini, bila kukimbia, bila kusema, kama vile upepo ndio uliowahamisha. Siku moja zilidondoka ndagala tatu mbele yangu, tatu tu. Nilisimama nihesabu. Mwenyewe alikuwa mama mmoja aliyekuwa ananitikisia tangu nina miaka sita. Akasimama, akaweka beseni chini, akapiga magoti akaziokota moja moja, akapangusa mchanga, akazirudisha. Wanawake wote waliona. Hakuna aliyemcheka. Nikaacha kwenda kuokota. Nilikuwa ninakaa nyuma ya nyumba, karibu na mapipa ya kuchemshia mawese, ninasoma orodha ya kolegi, maana ndiyo karatasi pekee niliyokuwa nayo. Shuka mbili, sahani, kikombe. Niliisoma mpaka mikunjo ikakatika.

Noeli Jozefina alirudi, amevaa viatu vyeusi na soksi. Tukakutana kisimani.

"Amahoro, Feza."

"Amahoro. Kolegi iko je?"

"Baridi," akasema. Kisha akatazama nyuma yake. "Mama alisema nisichelewe."

Akajitwika ndoo yake akaenda, na haikuwa imejaa hata nusu. Baadaye akawa mwalimu huko milimani, na sikumwona tena karibu. Mimi nikauza ndagala, nikaolewa, nikazaa watano, nikawasomesha wote kwa hizi samaki nilizozichukia. Hakuna hata mmoja aliyeacha shule, na aliyejaribu alikutana na fagio. Kusoma ninasoma, kuandika ndiyo hivi mnavyoona. Nilifikiri mambo yale yamekwisha.

Mwaka huu mjukuu wangu Divine, niliyemlea mwenyewe, alimaliza shule akakubaliwa chuo cha uuguzi Bujumbura. Chuo kikadai karatasi, na mojawapo ni ile ya kuonyesha kwamba hujawahi kuwa na kesi. Wiki hiyo hiyo wakamkamata kwenye alimantasio moja, duka la vyakula na vipodozi, hapa Rumonge ninakoishi sasa, chupa ya mafuta ya kujipaka ndani ya mkoba. Wamemfikisha polisi. Kijana mmoja amempiga video, na kabla ya jua kuzama imefika kwenye simu za watu wasiomjua hata jina. Nilipoambiwa sikulia wala sikugomba. Nilikaa chini. Nilijua alikuwa ametoa nini kwa chupa ile.

Kesho yake nikampandisha pikipiki, twende kwa mwenye duka. Njia nzima nilikuwa ninatayarisha namna ya kumshika. Nitamfinya, nitapiga magoti mimi, nitamziba mdomo nimsemee. Mwenye duka alikuwa msichana tu, ana mtoto mgongoni. Bado ninatafuta mahali pa kuegemea, Divine akasema, "Dada, niliiba. Sikuwa na pesa na nilitaka. Unisamehe, naomba kesi isifike mbele." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Yule msichana akamtazama, akamtazama, akachukua simu akawapigia polisi, akawaambia ameondoa shitaka. Wiki haikwisha karatasi ilitoka, safi, ina muhuri.

Mngetegemea nifurahi, na nilifurahi. Lakini nilirudi nyumbani na kitu ambacho nikikiita jina lake ni wivu. Lile neno ambalo mimi lilinigharimu maisha, yeye alilitoa kama mtu anayeomba kupishwa mlangoni. Nani alimfundisha? Si mimi. Mimi nilimfundisha kutoinamisha kichwa. Halafu nikafikiria ile video. Kitabu cha posti yetu kililiwa na mchwa zamani, jina langu limo kwenye kinyesi cha wadudu. Cha kwake hakiliwi na mchwa. Sisi tulikuwa na ufukwe mmoja wa kutuona, wao wana dunia nzima.

Sasa yuko Bujumbura, na nyumba hii ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Jumapili alinipigia.

"Koko, kuna msichana wa chumba chetu, siku ya pili tu akaleta simu yake. Ananionyesha ile video."

Niliona kisima, niliona ndoo ya Jozefina. "Ukasemaje?"

"Nikamwambia ni mimi."

"Na yeye?"

"Akaniuliza kama nina chumvi. Tulikuwa tunapika."

Nikamwambia ale vizuri, nikakata. Nikabaki nimeshika simu. Nilitaka kumwambia mtu, na nilipotazama mlangoni hapakuwa na wa kuambiwa. Basi nimewaambia ninyi.