Xavérine na Wimbi la Bondeni

Xavérine ndiye mteja wangu mgumu kuliko wote. Nashona nguo hapa Gatsata, juu mlimani, tangu baba aniachie cherehani yake, na sijaona mwanamke mwingine anayekuja kupimwa gauni kucha zimejaa udongo. Yeye na wataalamu wenzake hufukia vyombo vya kupimia mitetemo ya ardhi mabondeni, kisha hurudi kusoma vilivyorekodi. Mimi humtania: "Wenzako wanachimba wapate dhahabu, wewe unachimba usikilize tumbo la dunia."

Lakini kuhusu bonde letu hataniwi. Mama yake, mzee Mukankusi, anakaa kule chini karibu na mto, katika nyumba ya matofali ya udongo. Waliporudi kutoka Tanzania walipanga huku juu, ila goti la mama likaukataa mlima. Akateremka tambarare, na hapo hang'oki. Xavérine amembembeleza ahame hadi amechoka.

"Sisi huku juu tumekaa kwenye mwamba," aliniambia siku moja, akivuta karai langu la maji. "Kule chini ni matope na mchanga wa mto, vimejaa bondeni kama maji haya. Tetemeko likitokea mbali, kuna mawimbi yanayosafiri juujuu ya ardhi. Kwenye mwamba yanapita upesi. Yakiingia kwenye udongo laini yanapunguza mwendo, yanakuwa makubwa, yanagonga mlima huu, yanarudi kugonga ule wa pili."

Akalisukuma karai, akaliachia. Karai likatulia, maji yakaendelea kwenda na kurudi. Sikupenda kuyatazama.

Jumamosi moja mchana alikuja kujaribu gauni la kuvaa kwenye harusi ya ndugu yao. Kaka yake Bayingana, mfanyabiashara wa Rubavu, mbali kule magharibi, akapiga simu, naye akaiweka spika ili nimalize kubandika pini. Walikuwa wakibishana kuhusu zawadi ya maharusi, mara kaka akapiga kelele.

"Umutingito! Xavé, nyumba iko inatikisika! Iko ina..."

Simu ikakatika. Nikasema Mungu amlinde. Sura ya Xavérine ilikuwa imebadilika kabisa.

"Leila, linakuja huku."

"Lini?"

"Sasa hivi. Liko njiani."

Simu ilikuwa imelitangulia tetemeko, basi. Mama alikuwa na muda wa kutoka ndani hadi uani, kama angeambiwa. Xavérine akampigia. Ikaita, ikaita, haikupokewa.

"Hapokei," akasema, na sauti haikuwa yake. "Anadhani nimefika nyumbani."

Ni desturi yao tangu enzi za kubania salio: simu ya kwanza haipokewi. Maana yake nimefika salama, lala unono. Mama huitazama ikiita, humshukuru Mungu, na kuiacha. Akapiga tena.

"Mwanangu, mbona mara mbili?"

"Mama, toka nje! Toka..."

Ardhi ikafika. Huku kwetu mkasi ulianguka, kioo kikagonga ukuta, basi, kukatulia. Lakini simu ilikuwa bado hewani, na kule chini hakukutulia. Tulisikia sufuria zikigongana na mama akiita, "Yesu wangu! Yesu wangu!" huku miguu yetu imesimama imara kwenye sakafu. Niliona aibu kusimama vile. Xavérine aliishika simu kwa mikono miwili. Halafu tukasikia matofali.

Alipona, alhamdulillahi. Ukuta ulimkuta kizingitini ukamvunja mguu. Bayingana naye alikuwa mzima. Nikajua sasa mukecuru wetu, bibi yule mkaidi, atakubali kupanda mlima, hata kwa kubebwa.

Alikataa, tena akicheka.

"Niogope nini? Mtoto wangu anajua kabla. Alinipigia, ardhi ikafuata."

"Mama, ilikuwa bahati," Xavérine akamwambia. "Kaka alikuwa kwenye simu. Vyombo vyangu vinaandika kilichopita, havijui kinachokuja."

Mama akampapasa shavu. "Wewe piga tu, mwanangu. Mimi nitatoka."

Majirani wamemjengea ukuta upya, palepale, kwa matofali yaleyale. Nilikasirika, nikasema maneno ambayo mtu wa dini hapaswi kusema. Hakuna aliyenisikiliza.

Siku hizi mama hulala na simu mkononi. Jina la Xavérine likitokea tu, hutupa kila alichoshika na kukimbilia uani kwa goti bovu na mguu ulioungwa vibaya. Ameshaanguka mara mbili. Kwa hiyo binti hampigii tena, huteremka kumwona Jumapili akitoka kanisani.

Jana alikaa dukani kwangu muda mrefu, simu mapajani, akiigeuza na kuigeuza. Nikamuuliza kuna nini.

"Nataka tu kumuuliza amekula nini," akasema, akaizima.