Kura Iliyoharibika

Mimi ndiye katibu wa kikundi chetu. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na watu wanaamini mwalimu mstaafu hana kazi nyingine duniani isipokuwa kuandika. Hawajakosea sana. Nilipostaafu nilihamia Kinyerezi, kwenye nyumba niliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka kumi na minne, na wiki ya kwanza niliamka kila siku saa kumi na moja alfajiri nikiwa sina wa kumgombeza. Kwa hiyo waliponiomba niandike mihtasari ya vikao, nilikubali kabla hawajamaliza kuomba.

Kikundi kilianza kwa ajili ya korongo. Chini ya nyumba yangu, kama hatua themanini hivi, barabara yetu ya vumbi inakata kona kuteremkia mtoni, na hapo kwenye kona maji ya mvua yalichimba mfereji. Mfereji ukawa shimo, shimo likawa korongo, na korongo likaanza kumega kiwanja cha jirani yangu. Jirani huyo ni fundi cherehani, mwanamke mwenyeji wa pwani, na alikuwa akiishi pale na mama yake mzazi ambaye haoni vizuri. Kwanza lilichukua mpapai. Halafu likachukua choo cha nje. Siku ya kwanza tulikutana watu kumi na mmoja barazani kwake, akatuandalia chai na visheti, na ajenda ilikuwa moja tu. Karatasi ile ninayo mpaka leo, imeandikwa kwa mkono wangu: "Ajenda: Korongo."

Tukajaza mchanga kwenye viroba, tukavipanga. Mvua ikavichukua vyote pamoja na koleo la mtu. Tukaandika barua kwa ofisi ya serikali ya mtaa na kuipeleka wote kumi na mmoja. Tulipokelewa vizuri mno. Tuliandikishwa kwenye kitabu cha wageni, tukashukuriwa kwa moyo wa kujitolea. Baadaye akaja mtaalamu mwenye futi ya kamba, akapima urefu, upana na kina, akasikitika, akaondoka. Mwaka uliofuata alirudi akapima tena, akatuarifu kwamba limeongezeka. Tulikuwa tunajua.

Ila katika kufuatilia korongo tukagundua mengine. Tukagundua kwamba mkutano wa wakazi wote wa mtaa unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na wetu hakuna aliyekumbuka ulifanyika lini. Tukauliza kwa nini. Tuliuliza kwa adabu, kwa barua, kila wiki. Mkutano ukaitishwa. Tukaomba gari la taka lipite siku inayojulikana, likapita. Tukaomba taa njia panda, zikawekwa mbili, na moja inawaka. Watu wa mitaa mingine wakaanza kuja kujifunza kwetu jinsi ya kuuliza. Tukachapisha fulana zenye maneno ya maendeleo mgongoni. Kilichotukutanisha hakikuandikwa popote kwenye fulana, kwa sababu, alisema mwenyekiti wetu, shimo si jambo la kujitangazia.

Na kwenye ajenda nako korongo lilihama. Lilikuwa namba moja. Kisha likawa chini ya "Yatokanayo na kikao kilichopita", na kwa kuwa hakuna kilichokuwa kinatokana, likashuka kwenye "Mengineyo". Aliyelishusha ni mimi. Nilifanya hivyo kwa nia njema ya kupanga muhtasari vizuri. Mengineyo ni ajenda ya mwisho, na ikifikiwa watu huwa wameshashika funguo mkononi, wanamwangalia mwenyekiti kwa macho ya kumwombea mema endapo atafunga kikao. Mara nyingi alifunga.

Jirani yangu hakuwahi kulalamika. Alikuja kila kikao, akakaa karibu na mlango, akasikiliza habari za gari la taka.

Basi ikafika siku ya kuamua mwelekeo. Neno hilo ni la mwenyekiti wetu, mstaafu mwenzangu aliyetumikia ofisi za serikali maisha yake yote na asiyeweza kuona kitu kinatembea bila kukiuliza kinaelekea wapi. Alisema kikundi kimekua, sasa kiamue kinataka kuwa nini. Tukapata darasa la chekechea, Jumamosi mchana. Viti vilikuwa vya watoto wa miaka minne. Watu wazima ishirini na watatu tulikaa magoti yakiwa yamekaribia kidevu, chini ya picha za matunda, tukajadili hatima yetu.

Mapendekezo yalikuwa matatu. Mwenyekiti alitaka tusajiliwe rasmi, tupate katiba na muhuri. Alilitamka neno "muhuri" taratibu, mara mbili. Fundi umeme wa mtaa wetu, mtu mwenye sauti inayosikika mpaka barabara kuu, alitaka tusimamishe mtu wetu agombee uenyekiti wa mtaa. "Tunalalamika kwa nini wakati ofisi tunaweza kuichukua sie wenyewe?" alisema. "Ishu ni ndogo sana. Tunatafuta chama, tunaingia." Hakusema mtu wetu atakuwa nani, ila siku hiyo alikuwa amevaa koti la suti, na jua lilikuwa kali. Wa tatu alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyetaka tubaki kama tulivyo. "Tukisajiliwa tutaanza kuulizwa," alisema. "Sasa hivi sie ndio tunaouliza. Mie naona tumekaa pazuri."

Mwenyekiti akasema tupige kura kwa kunyoosha mikono.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la mtaani kwetu. Mtu akisimama akatoa hoja yake vizuri, halafu akaangalia waliokaa, huwezi kuacha mkono wako chini. Huyo mtu ni jirani yako. Ukifiwa ndiye atakayekuletea viti na turubai, na atakumbuka. Kwa hiyo ilipoitwa hoja ya usajili, mikono yote ikapanda. Ilipoitwa hoja ya kugombea, mikono yote ikapanda. Ilipoitwa hoja ya kubaki kama tulivyo, mikono yote ikapanda, ukiwemo wa mwenyekiti na wa fundi umeme. Mimi mwenyewe nilinyoosha mara zote tatu, mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiandika.

"Zimepita zote," mwenyekiti akasema kwa furaha. "Basi tutatekeleza zote."

Nilisimama, kwa kadiri mtu anavyoweza kusimama haraka kutoka kwenye kiti cha namna ile. Nikasema haiwezekani kikundi kisichofungamana na chama kikaingia kwenye uchaguzi kupitia chama, huku kikibaki vilevile kilivyokuwa. Nilitumia sauti ya darasa la tano. Wakanyamaza. Nikachana daftari, nikagawa vipande vya karatasi, nikaagiza kila mtu aandike neno moja tu bila kuangalia kwa mwenzake: usajili, kugombea au kubaki. Watu waliinamia vile vipande na kuvificha kwa viganja. Nilizunguka katikati ya viti kuangalia kama kuna anayenakili.

Mwenyekiti akafungua kimoja kimoja na kusoma, mimi nikiandika. Usajili. Kubaki. Kugombea. Usajili. Tulikuwa tumefika kama katikati alipofungua kimoja akakitazama kwa muda, akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele.

"Hii imeharibika," akasema, akanipa.

Ilikuwa imeandikwa: "Korongo."

"Kuna mtu hajaelewa swali," fundi umeme akasema, watu wakacheka, nami nikatabasamu. Halikuandikwa jina, lakini mwandiko niliujua. Jirani yangu amenishonea magauni matano, na mara zote niliona anavyoandika "kifua" na "kiuno" kwenye daftari lake la vipimo, kwa K yenye mkia mrefu kupita kiasi. Nikainua macho kuelekea mlangoni. Alikuwa ananitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja tu aone nitaandika nini, kama mteja anavyomngojea fundi.

Nikaandika: "Kura iliyoharibika: moja."

Ningeweza kusema. Sijui hata sasa kwa nini sikusema. Nadhani nilikuwa nimefurahi kwamba uchaguzi wangu wa vikaratasi unakwenda vizuri, na sikutaka uchafuliwe. Mtu anaweza kuwa mbaya kwa sababu ndogo hivyo. Muda mfupi baadaye adhana ya alasiri ilisikika, jirani yangu akajitanda vizuri ushungi wake, akatoka kwenda kuswali, na hakurudi. Usajili ulipata kura tisa, kugombea saba, kubaki sita. Mwenyekiti akauliza kama kuna Mengineyo. Hakukuwa na Mengineyo. Tukafunga kwa sala, mmoja wa kila dini kama kawaida yetu, na ikachukua dakika tano kunitoa kwenye kile kiti.

Jumanne yake nikaenda kwa jirani yangu. Ningependa kusema kwamba nilikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kwa sababu ya fomu. Afisa wa kata aliyetupa fomu ya usajili alisema tuijaze yote, na ukurasa wa pili unataka historia ya kikundi: kilianza wapi, kilianzishwa na nani, kwa lengo gani. Mwenyekiti hakukumbuka, yeye alijiunga wakati wa gari la taka. Nikajua anayekumbuka ni mwenye baraza.

Nilimkuta uani akipokea bati kutoka kwa fundi aliyekuwa juu ya paa. Nusu ya nyumba ilikuwa imeshaezuliwa. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa na ufa ambao ningeweza kuingiza mkono, na nyuma ya ukuta, badala ya jiko, kulikuwa na hewa. Mama yake alikuwa ameketishwa kwenye kiti karibu na barabara, mkoba mapajani, amevalishwa nguo ya safari. Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa shuka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mnaezua?"

"Tunaezua. Bati bado nzima, siwezi kuziacha zikaenda mtoni. Kaka kanigawia kipande nyuma ya nyumba yake kule Mbagala. Nitaanzia hapo."

"Mbona hukusema kwenye kikao?"

"Niliandika," akasema, akanyoosha mikono kupokea bati jingine.

Akaiona ile fomu. Sikuwa na pa kuificha, nikamweleza. Niliongea sana, kama mtu aliyekamatwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwenye kanga, akanitajia yote bila kusita: tulikaa siku gani ya wiki, nani alikuja na koleo, nani alifika wakati visheti vimeisha. Nikaandika nikiwa nimesimama, fomu nimeiegemeza kwenye cherehani yake. Kwenye lengo nilikwama. Yeye akasema niandike tu kwamba lilikuwa kusaidiana majirani, itapendeza zaidi.

"Kwa hiyo ilishinda ya usajili," akasema.

"Ilishinda ya usajili."

"Na muhuri mtapata?"

"Tutapata."

"Hongereni jamani. Maana mlihangaika."

Angekuwa ananisimanga ningejua la kumjibu. Miaka yote ile ya ualimu nimejibu simango za wazazi, za wakaguzi, za walimu wenzangu. Hakuwa ananisimanga. Alitupongeza kwa moyo mweupe, na niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nikamwambia kwamba ile karatasi niliijua. Kwamba nilijua mwandiko ni wake, na bado nikaandika kwamba kura imeharibika.

"Najua," akasema. "Si uliniangalia?"

Fundi akapiga kelele kutoka juu kwamba bati linakuja, ni refu, linataka watu wawili. Sikuwa na gauni la kazi ile, nilikuwa nimevaa mojawapo ya yale matano. Nikaiweka fomu chini, nikajongea. Akanisukuma taratibu kwa bega upande wa pili.

"Shika huku mwalimu," akasema. "Huku hakuna misumari."