Robota la Pamba na Tiara ya Mita Tisa

Mimi husamehe polepole, na wengine siwasamehe kabisa. Nalisema hili mapema ili asije mtu akasoma hadi mwisho akitegemea kwamba tutapeana mikono.

Nauza mitumba sokoni Shinyanga, na nyumba yangu iko Ngokolo. Kila mwezi napakia marobota kwenye lori nayapeleka mwaloni, wanakoshushia samaki, ziwani kule upande wa Geita, kwa sababu wavuvi wakishauza samaki hununua bila kubishana sana. Huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza watu wakiteleza juu ya maji, miguu imefungwa kwenye ubao, wanavutwa na tiara kubwa iliyojaa upepo. Walikuwa watu wachache wa migodini waliorithi vifaa vya wageni waliomaliza mikataba yao. Kiongozi wao alikuwa mpima ardhi mmoja, kijana mwembamba kama fito, aliyejifunza mchezo huo pwani. Wanawake wanaoanika dagaa waliziita zile tiara miavuli. Mimi nilisimama na suruali za watu mkononi nikasahau wateja. Nina kilo mia na tano. Tangu nikue sijawahi kuinuliwa na kitu chochote, na siku ile nilitamani kuinuliwa.

Nilimfuata mpima nikamwambia nataka kujifunza. Nimemzidi umri wa kutosha kumtuma dukani, lakini hakunipa shikamoo. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Mambo, bonge?"

Nikameza. Nilikuwa na shida, na mwenye shida hachagui salamu.

Akaniuzia tiara ya mita za mraba kumi na nne, kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. "Mwili mkubwa, tiara kubwa," alisema. "Wewe si unauza nguo? Saizi unazijua." Nilikubali palepale. Maisha yangu yote nimekuwa nikimtazama mtu mabega na kiuno, namtupia shati, na linamkaa. Sikuona kwa nini tiara iwe tofauti. Yeye alijua kwa nini, ila hakusema.

Akanirushia tiara mchana mmoja wa kiangazi, ziwa limechafuka, mawimbi yamevaa povu. Tiara ilipopanda tu juu ya kichwa changu, miguu ikaacha mchanga. Nilishuka kwa magoti, nikaburutwa katikati ya dagaa za watu, nyavu zikanizonga, nikapiga kelele. Dereva mmoja wa malori ya mgodi, mtu mpole, alikimbia anishike mkanda wa kiunoni. Huo ndio utaratibu wao: mwenzako akizidiwa na upepo, unamshika kwa nyuma na kumwekea uzito wako. Nikamsikia mpima akisema kwa sauti, "Muache! Robota la pamba hilo, haliendi popote."

Dereva akasita. Robota lilikwenda. Lilisimamishwa na mtumbwi uliopinduliwa, na mkono wa kushoto ukavunjika.

Mkono uliunga. Jina halikuondoka. Nikirudi mwaloni na mzigo, watu wazima waliniita Robota, na watoto wao vilevile, na walioniita hivyo ndio waliokuwa wateja wangu. Mpima naye alitangaza kwamba upepo mkali si wa watu wa saizi yangu. Nikitaka, nije asubuhi ziwa likiwa limelala. Nilikaa Ngokolo na plasta mkononi nikimchukia kwa utulivu, kila siku, kama mtu anayekunywa dawa yake. Nilitaka jambo moja tu: siku ya upepo ambao yeye anauogopa, mimi niwe majini, yeye awe mchangani, na mwalo mzima uone.

Kwa hiyo nilisoma. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma, nikagundua nilivyofanywa mjinga. Nguo huchaguliwa kwa mwili. Tiara huchaguliwa kwa upepo kwanza, halafu mwili ndio unaulizwa kama utaweza. Upepo ukiwa mwepesi, mtu mzito anahitaji kitambaa kikubwa, ni kweli. Lakini upepo ukikaza, hata mimi natakiwa nipunguze, ila nisipunguze kama wembamba. Yale majedwali ya vipimo yameandikwa kwa ajili ya mtu wa kilo sabini na kitu. Pale anaposhika mita saba, mimi saba itaniacha nimekaa majini kama bata, na kumi na mbili itanifanya kile nilichokwisha kufanywa. Yangu ni tisa. Na hapo ndipo nilipocheka peke yangu sebuleni: upepo unaomtosha mtu wa kilo mia na tano kwa mita tisa, mtu mwembamba akiushikia tisa hiyohiyo, humpeperusha.

Pesa ya tiara mbili mpya sikuwa nayo, wala ya moja. Ile kumi na nne nilijifunzia asubuhi, yule dereva wa mgodi akinifundisha, mpaka nikaweza kwenda na kurudi bila kunywa ziwa. Kichocho nilikipata, nikameza dawa, nikarudi. Kisha nikatafuta tisa iliyotumika, na hapo nilikuwa nyumbani, maana mtumba ni mtumba. Niliikataa tiara moja ya mita kumi, ya bei ya kutupa, kwa sababu kitambaa chake kilikuwa kimechoka, kinalegea mkononi kama khanga ya miaka mingi. Kitambaa kizima hulia ukikikunja. Nilikataa saba nzuri sana, ya rangi ya machungwa, na iliniuma, kwa sababu nilijua nainunulia macho. Nilikataa nyingine ya mifupa mitatu. Mifupa ni ile mirija ya hewa inayoisimamisha tiara, na mtu mzito kwenye upepo wa vurugu anataka mitano, isije ikajikunja juu ya kichwa chake.

Ndipo dereva akanipigia simu kuniambia mpima anauza tisa yake. Ilikuwa inamrusharusha siku za upepo mkali, kwa hiyo ameagiza ndogo kutoka nje, na mzigo bado haujafika. Furaha ilinijaa kifuani nikaogopa itasikika kwenye simu.

Sikwenda mwenyewe. Nilimtuma binamu yangu wa Didia, mkulima wa pamba ambaye hajawahi hata kuogelea. Nikamwambia: ijaze upepo, pakaa povu la sabuni kwenye mishono na vifuniko kama wanavyotafuta tundu la tairi la baiskeli, kisha uiache mpaka kesho. Ikilegea, rudi bila kitu. Haikulegea. Ilikuwa na kiraka kimoja cha bluu karibu na ncha, mpima alikigandisha mwenyewe. "Kanipunguzia, ananiona mshamba," binamu alisema akinikabidhi, anacheka. "Eti nakwenda kufukuzia ndege shambani." Nikamwambia wabeja sana, yaani asante, nikampikia kuku.

Siku yenyewe ilikuja kiangazi kilichofuata. Nilishuka kwenye lori upepo unavua kofia za watu. Sikufungua hata robota moja. Nilijaza tisa yangu, dereva akanirushia, na nikaingia majini.

Nilikwenda. Sijui niseme nini zaidi. Kilo zile ambazo watu wamenicheka nazo tangu darasa la kwanza zilikaa kwenye ubao zikausimamia upepo, na upepo ukanitii. Nilipita mbele ya mwalo nikageuka, nikapita tena. Wanawake wa dagaa walipiga vigelegele, "Mayu! Mayu!" Kwa Kisukuma ni mama, na lilikuwa jina zuri kuliko lile lingine. Mpima alikuwa amesimama mchangani. Nilipita karibu makusudi, nikainamisha tiara upande wake ili akione kile kiraka cha bluu.

Alikiona. Nilimwona akitupa kofia chini, akaanza kujaza kumi na mbili, ndiyo pekee aliyobaki nayo, maana ile ndogo ilikuwa bado haijafika. Mimi nilikuwa nimerudi mchangani, dereva akinishushia tiara yangu. Dereva alimwambia mpima asithubutu, hakusikia. Mvuvi mmoja akamrushia.

Mpima alipaa mpaka usawa wa kiuno cha mtu, akaanguka, akaanza kuburutwa kuelekea kwenye mitumbwi, kulekule nilikovunjikia mkono. Mkono wake ulitafuta kifungio cha dharura kinachoiachia tiara, lakini kilikuwa kimejaa mchanga. Mimi siku yangu sikujua hata kama kipo, kwa kuwa hakunionyesha. "Nishikeni!" alipiga kelele. "Nishikeni jamani!"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilimdaka mkanda kwa nyuma, kwa mikono miwili, nikakaa chini. Akasimama hapohapo. Vidole vya miguu yake vilikuwa vinachora mchanga, tiara inavuta mbele, mimi navuta nyuma, na sikusogea hata kidogo. Dereva alikwishakimbia mbele kuidaka tiara. Nikamwinulia mkono: subiri.

"Robota limekushika," nikamwambia mpima sikioni. "Sasa salimia."

"Mama, tafadhali..."

"Hiyo si salamu."

Nikalegeza mkono mmoja, kidogo tu.

"Shikamoo!"

"Upepo mkali, sijasikia."

"Shikamoo mama! Shikamoo!" Sauti ilimpasuka, mwalo mzima ukasikia, na wanawake wa dagaa wakaangua kicheko ambacho nilikuwa nimekingoja tangu mkono wangu ulipovunjika. Nikamwashiria dereva. Akaidaka tiara kwa ncha, ikalala.

Mpima aligeuka, akanitazama usoni. Alikuwa anangoja. Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Ukiinyima jibu, ni bora ungempiga mtu kofi. Nilikung'uta mchanga, nikaenda kukunja tisa yangu.

Tangu siku hiyo, kila mwezi nikishuka kwenye lori, yeye ndiye wa kwanza kuja. Anasimama mbele yangu na shikamoo yake, na watu husogea karibu wasikilize. Mimi hufungua marobota yangu, nawapangia wateja nguo kwa saizi, na marahaba bado sijaitoa.