Chafya Yangu Kwenye Maji ya Yusta

Chekeni tu, ila mningoje nimalize, maana aibu hii niliificha hata kwa mke wangu, akaja kuisikia kanisani. Mjukuu wangu Yusta anasoma chuo hapo Dodoma mjini, na kazi yake (mimi niliishia darasa la pili, nawaeleza nilivyoelewa) ni kukamata uchafu mdogo usioonekana ndani ya maji kwa mwanga, mwanga mtupu, hakuna kibanio wala uzi, chembe inashikwa inatulia kama mbuzi aliyefungwa kamba, halafu kompyuta inachora mstari, na kila uchafu una mstari wake. Maji yenyewe nilimchotea mimi kisimani kwetu Bahi, ndiyo maana siku ya kuwaonesha walimu wake wawili, siku ya kufaulu au kurudia mwaka, akaniita nami nione.

"Babu, ukisikia kikohozi, toka nje mapema," akaniambia. "Humu hata pumzi ni vumbi."

Tukafungiwa gizani. Chembe ikakamatwa, ikawa inatetemeka kwenye kioo cha kompyuta, na hapo hapo kifua kikaanza kuniwasha. Kutoka niliona aibu, mlango ungeingiza mwanga, walimu wangegeuka. Nikajiambia ugoro kidogo utatuliza kifua (sisi wazee wa Kigogo ndivyo tunavyofanya, kikopo sikiachi hata nikienda kuoga). Nikavuta. Jamani! Chafya ilitoka na ugoro wote, ukaangukia kijisahani cha maji, nikaipiga meza kwa goti, chembe ikaponyoka, na kwenye kioo yakaanza kupita mabonge kama mawe ya mlimani.

"Yusta, haya makubwa ni nini?" akauliza mwalimu wa kike.

Yusta akainamia kioo. Nikaona mwaka mzima wa mtoto unazama kwenye kijisahani.

"Ni ugoro, mwalimu. Wangu. Mtoto hana kosa."

Mwalimu wa kiume akageukia ukutani, mabega yanamcheza. Yule mama hakucheka. "Basi binti, tutenganishie. Upi wa kisima, upi wa babu?"

Mabonge mwanga hauyawezi, ikabidi awinde vidogo, hiki kinakuja kile kinakimbia, jasho linamtoka, mimi nimebana pua kwa mikono miwili mpaka masikio yanavuma. Kimoja kikashikwa, mstari ukachorwa.

"Wa kisima."

Kingine. Akakitazama sana, mpaka nikataka kulia.

"Huu wa babu."

"Umefaulu," mama akasema, "ila kwenye ripoti uandike kila kilichoingia kwenye maji, na kiliingiaje."

Yusta akanisindikiza mpaka stendi. Pale akatoa daftari.

"Babu, ulivuta kwa pua ipi?"

"Zote mbili. Kwani utaandika ni mimi?"

"Nitaandika mzee mmoja wa Bahi."

"Bahi wazee tuko wengi," nikasema, nikapata nafuu kidogo.

"Babu, shangazi anayefagia pale chuoni ameshanipigia. Anauliza kama ni kweli ulipiga na meza."

Tangu siku hiyo nimeapa, kifua kikiniwasha penye shughuli ya watu natoka, mlango ulie, mwanga uingie, walimu wote wanitazame mgongo. Ile aibu ingekuwa ya dakika moja tu. Hii imeandikwa kitabuni.