Siku Niliyowaambia Wageni wa Kaplong Waingie Tena

Nitawaambia hii, lakini mcheke polepole, kwa sababu hata leo nikiona mtu wa ukoo wa Kiprono sokoni Sosiot mimi huinama nikajifanya nachagua nyanya mpaka apite, na mwenye makosa nilikuwa mimi, si kamera, si jua, si mtu mwingine.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya tisini. Binamu yangu Kibet, aliyekuwa anasoma ng'ambo, alikuja nyumbani Desemba na kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa nene kama mkate, inameza disketi, zile za kompyuta, na nyuma ina kioo kidogo ambapo unaona picha hapo hapo, na mimi (mwalimu wa sayansi, mtu aliyefungua redio ya baba akiwa darasa la nne ili aone anayeongea ndani) sikutulia tena tangu niione. Kibet akaniachia nifanye mazoezi. Nikapiga majani chai, nikapiga ng'ombe, nikapiga mama akifunga kitambaa cha kichwa, na kila jioni tunakaa mlangoni anazipitia moja moja kama mtu anasahihisha insha.

"Hii umemkata mama kichwa. Hii mti umemea kwa kichwa cha baba, uwe unaangalia nyuma ya mtu kabla hujabonyeza. Hii uko mbali, sogea."

"Na hii?"

"Hapa mkono umetetemeka. Bana viwiko kwa mbavu, toa pumzi, ndio ubonyeze. Na saa sita usipige watu wakiwa juani, macho yanakuwa mashimo. Wapeleke kando ya nyumba kwa kivuli."

Niliandika yote kwa daftari, na nikaanza kujiona fundi. Kwa hivyo siku ya koito ya dada yangu mdogo Chelang'at, yaani siku watu wa kina Kiprono, mchumba wake, walikuja kutoka Kaplong kumwomba rasmi, na Kibet akawa amesafiri Nairobi kwa mambo ya tikiti yake ya ndege, kamera ilikuwa yangu. Alinipa disketi moja mpya. "Inabeba picha kama ishirini. Chagua vizuri, na vitufe vingine usiguse."

Nilichagua vizuri, hilo nitajisifu. Nilipata wazee wakivua kofia langoni. Nilipata Kogo, nyanya yake Kiprono, ambaye picha yake ya pekee maishani ilikuwa ile ya kitambulisho. Halafu Baba Mdogo Joel, ndugu ya baba, ndiye aliyekuwa anatusemea upande wetu, akamwita Chelang'at mbele ya watu, akamuuliza, "Mama, unawajua hawa wageni?" Dada akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Nawajua," na chozi likashuka, na mimi nilikuwa nimebana viwiko. Niliangalia kwa kioo nikataka kupiga kelele. Sijawahi kupiga picha kama ile.

Disketi ikajaa. Nikaenda nyuma ya tangi la maji nifute zile mbaya mbili tatu nipate nafasi, nikabonyeza kitufe nilichokatazwa, ikaja orodha ya maneno ya Kizungu, na moja lilikuwa fomati. Sasa mimi fomati ninayoijua ni ya barua rasmi, anwani huku, tarehe pale, kwa hivyo nikasema kumbe hii kitu inaweza kupanga picha! Nikajiuliza itazipanga vipi, kwa saa au kwa watu? Nilitaka tu kuona. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika (nani atakosa uhakika wa kupanga vitu vizuri?), nikakubali, ikanguruma kidogo, ikanyamaza, na pale pembeni penye hesabu ya picha pakaandikwa sufuri.

Nilisimama pale nikisikia watu wanacheka ndani. Ningeingia niseme. Ilikuwa ni maneno matatu tu. Badala yake nikaingia nikamwinamia Baba Mdogo sikioni, nikamwambia mwanga ulikuwa mbaya, warudie kidogo tu, na nitawatoa nje kivulini watoke vizuri.

Baba Mdogo alikuwa amevaa suti. "Kama ni mambo ya picha," akatangaza, "wageni wetu, tunaomba muingie tena!"

Wakaenda mpaka langoni, wakavaa kofia ndio wazivue. Kogo akatembea na fimbo yake tena kutoka barabarani, na mimi narudi nyuma mbele yake, "Simama hapo Kogo, usifunge macho Kogo." Mursik, yale maziwa ya kuganda ya kibuyu, ikamiminwa upya. Kogo akaangalia kikombe, akaniangalia mimi.

"Hii bicha yako iko na njaa?" akauliza, na watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Ikafika zamu ya Chelang'at. Baba Mdogo akauliza, dada akajibu, lakini alikuwa ameangalia pembeni. Nikamwambia tena. Mara ya pili jua lilimpiga jicho moja. "Tena, Chela, inua kidevu, sema polepole, na kama unaweza ulie kidogo kama ile ya kwanza." Nyinyi mnajua mtu aliyeamka saa kumi asubuhi kupika, akavaa viatu vya kuazima, halafu dada yake anamwambia alie kidogo. Baba Mdogo akauliza mara ya tatu, "Unawajua hawa wageni?"

"Siwajui!" akasema kwa nguvu, akashika uso, akakimbilia jikoni.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilijua amenikasirikia mimi, lakini neno la msichana siku hiyo ndilo linalobeba kila kitu, na lilikuwa limesemwa mbele ya watu. Kiprono akaweka kikombe chini kikamwagika. Mjomba wake akanyoosha mkono akachukua kofia. "Tumesikia," akasema, basi. Mama yangu akakaa chini kwa nyasi.

Hapo ndio nikasema. Nilisema kwa sauti mpaka ikapasuka, kwamba mwanga haukuwa na shida, kwamba picha zote nilizifuta mimi, kwamba nilidhani fomati ni kupanga, kwamba dada yangu amechoka na mimi, si na wao. Na wakati wote nimeshika ile kamera kama mtoto wa mtu.

Kogo akauliza, "Zilienda wapi?"

"Sijui, Kogo."

"Mimi nilikuwa ndani. Nilienda wapi?"

Na ndivyo alivyotuokoa, kwa sababu wazee wote sasa walitaka kujua kama picha inakufa ama inatoka, na mjomba akaketi ili aulize vizuri, kofia mapajani. Mama akaenda jikoni. Chelang'at akarudi amenawa uso, akasimama mbele yao bila kuitwa.

"Nawajua," akasema. "Huyu dada yangu ndiye simjui."

Hiyo sikuipiga. Kamera nilikuwa nimeiweka chini ya kiti.

Kibet alirudi kesho yake, nikamweleza yote, akasikiliza bila kucheka.

"Baada ya kufuta ulifanya nini?"

"Nikapiga zingine."

"Kwa disketi ile ile?"

"Ndiyo."

Akafunga macho. "Fomati ya hii kamera inafuta orodha tu. Picha zilikuwa bado ndani. Ungeitoa disketi ukaiweka mfukoni, ningezitafuta kwa kompyuta, labda nyingi zingerudi. Hizi za pili ndizo zimezifunika."

Sikuuliza swali lingine siku nzima, na wanaonijua wanajua vile hiyo ni ajabu. Chelang'at aliolewa Aprili, akanisamehe kabla ya hapo, ingawa alichukua wiki mbili na kanga mpya. Lakini mimi niliapa: nikiharibu kitu cha mtu, nitasema pale pale, mikono ikiwa imetulia, kabla sijashika kingine nikidhani natengeneza.