Mate ya Bi Rukia

Mimi nilipokuwa mtoto, Kiegeani nzima hapakuwa na wa kunizidi nguvu. Gunia la mwani mbichi lililowashinda wanaume wawili nililitoa majini peke yangu, nikapanda nalo mpaka kwenye kichanja cha kuanikia. Waulizeni, wapo walioona.

Bi Rukia, jirani yetu, naye aliona. "Lahaula! Mtoto huyu ana nguvu kama punda!"

Bibi yangu akaacha mwani wake. "Rukia, sema mashaallah."

"Aa, bibi nawe! Mtu hata kutania asitanie?" Akacheka, akaenda zake.

Asubuhi naamka, mguu umevimba kama pipa, suruali ikachanwa kwa kisu. Bibi alisema tu, "Jicho hilo." Neno uchawi hakulitaja. Watu wa umri wake hata kusema mwanga waliogopa, walisema "wale." Lakini Mjomba Hamadi hana breki. Akasimama barabarani: "Rukia mchawi! Kamroga mtoto!" Mlozi, mwanga, msihiri, mpaka adhuhuri majina yote alishapewa yeye.

Dawa ya jicho kwetu ni moja: aliyesifu ndiye ateme mate panapouma, aseme mashaallah. Nikabebwa mpaka mlangoni kwake. Watu wamejaa, wengine na mapanga. Mimi siogopi kitu, lakini siku ile nilijikojolea.

Bi Rukia akapiga magoti, akaninong'oneza: "Mwanangu, nikikutemea ukapona, watasema kweli ndimi mchawi. Usipopona, watasema nimekataa kukuachia. Nifanyeje?"

"Unauma," nikalia.

Akautazama mguu. Akatema mate, akasema mashaallah kwa sauti, wote wasikie.

Kesho yake nakimbia. Watu wakaangalia mguu wangu, halafu wakaangalia nyumba yake. Hakuna aliyekwenda tena kwake hata kuomba kaa la moto. Mwezi haukwisha, akavuka kwenda kisiwani Chole na kitanda chake cha kamba.

Siku hizi neno hili limekuwa la mchezo. Vijana wanamwita mfungaji wa mpira mchawi. Binti yangu akiona nguo nzuri kwenye simu, "imeniroga!" Wanacheka. Mimi nywele zinasimama. Sijui hata leo kama lilikuwa jicho au nilichomwa na mdudu wa baharini. Ninachokijua, yule mama aliona litakalompata, na bado alitema.