Samaki wa Gleb Semyonich

Hutaamini, na sitakulaumu. Hata kantini nikianza kusimulia habari za Taya, watu hunisogezea chai ili ninyamaze. Lakini mimi ndiye ninayeendesha mashine ya kulainisha barafu pale kwenye uwanja wa kuteleza, na Moscow nzima hakuna barafu laini kama yangu. Kuna jaji aliwahi kuinama akajitazama humo, akachana nywele. Kilichotokea juu ya barafu hiyo nakijua.

Taisiya Korobova, Taya kwetu sisi wa nyumbani, ni mpwa wangu. Ana miaka kumi na mitano na uchovu wa mtu anayesubiri pensheni. Aliamka kukiwa bado giza. Dada yangu Nelli alimpikia ngano nyeusi, vijiko vichache, bila chumvi, na tango pembeni. Chumvi hushika maji, maji ni uzito, na uzito kocha wake, Regina Arkadyevna, huusoma kwenye mizani pale mlangoni kabla hajajibu salamu. Siku mizani ilipozidi kidogo, Taya hakunywa maji, aliyasukutua tu kinywani, akayatema, akaenda kuvaa viatu vya kutelezea.

Kwa ajili ya viatu hivyo Nelli aliacha kazi na mume kule Izhevsk, akaja kupanga chumba kimoja na binti yake. Baba mtu alibaki kuwa sura kwenye simu, amekaa jikoni peke yake na kikombe mkononi, akiuliza kila jioni, "Mmekula?" Nao kila jioni walisema wamekula.

Kiangazi kilichopita Taya alifanya kosa kubwa: alirefuka. Hakuna aliyemruhusu. Mruko wa mizunguko minne, ambao alipokuwa mdogo aliupata kama kupiga chafya, ukamtoka. Miguu ilikuwa mipya, kiuno kipya, na hewa ile ile haikumtosha tena. Regina Arkadyevna hakugomba. Alisema tu kwamba Ijumaa wakubwa wa shirikisho watakuja kuangalia majaribio.

"Minne ikiwepo, unabaki kwenye kundi langu. Isipokuwepo, kabati lako anachukua Varya."

Varya ni katoto kepesi, ukikohoa karibu naye anasogea.

Basi Taya akafungwa kwenye ufito. Kila uwanja wetu unao, na wote wanauita fimbo ya mvuvi: mti mrefu, kwenye ncha kuna kamba, kwenye kamba kuna mkanda, ndani ya mkanda kuna mtoto. Mvuvi wetu ni Gleb Semyonich, kocha msaidizi, mzee wa magoti mabovu na mikono ya mpakia mizigo. Anateleza nyuma ya mtoto, na mtoto akiruka, anamwinua kidogo. Mwiko ni mmoja. Mvuvi hasemi amevuta kiasi gani, maana mtoto akijua ataanza kuruka kwa mikono ya mwenzake. Kwa hiyo mtoto hutua akasema ameruka, na mvuvi hutazama dari.

Jumatano Taya alitua vizuri asubuhi nzima akiwa na mkanda. Akauvua, akaanguka. Akauvaa, akatua. Akaenda kuegemea ukingoni, anahema.

"Gleb Semyonich, leo umenivuta?"

"Nimekusindikiza."

"Sana?"

"Mvuvi haongei na samaki. Funga kamba ya kiatu, inaning'inia kama ulimi wa mbwa."

"Nikiwa na mkanda natua, nikiuvua naanguka. Kuna mwongo hapa. Ni wewe au ni kiuno changu."

"Kiuno chako bado kitoto, uongo kitaujulia wapi," mzee akasema, akaenda zake kutafuta chai.

Alhamisi akamfunga tena. Taya akachukua mwendo, akaruka, na alipokuwa juu akasikia kitu kinakosekana. Siku zote mkanda ulimng'ata chini ya mbavu. Alikuwa ameuzoea mpaka akausahau. Leo haukung'ata. Kamba ilikuwa imelegea kama ya kuanikia nguo. Akashuka na nyonga, kishindo nikakisikia huko karakana, na mashine ilikuwa inanguruma.

Gleb Semyonich akasimama juu yake, ufito ameushusha.

"Huo ulikuwa wako," akasema polepole.

"Na ile ya jana?"

Mzee akatazama kwanza alipo Regina Arkadyevna. "Yangu."

"Ya Oktoba?"

"Amka, utapata baridi."

"Ya Oktoba, Gleb Semyonich?"

"Yangu. Agosti ulikuwa na mmoja. Mzuri kweli. Sikuugusa."

Taya alitegemea kulia, kilio hakikuja. Alijisikia kama mtu aliyebeba ndoo mbili kutwa nzima, kisha mtu akamwambia, weka chini, kisima kimekauka.

Jioni Nelli alikuwa anashonea shanga kwenye gauni la majaribio.

"Mama, minne sina."

"Nani kasema?"

"Gleb Semyonich."

"Yule haruhusiwi kusema."

"Ndiyo maana nimemwamini."

Nelli akakata uzi kwa meno. "Jaribu tu kesho. Ukianguka umeanguka, wataona umejaribu."

"Nitaangukia nyonga ile ile. Nitafanya mitatu. Safi."

"Atakutoa."

"Najua, mama."

Nelli akaishikilia sindano hewani. "Baba yako amepaka rangi chumba chako kule Izhevsk," akasema.

"Kuna mtu kamwambia kitu?"

"Hakuna. Anasema amechoka kupita mlangoni kikiwa vile."

Akachukua shanga nyingine. Zilizobaki zote akazishona, mpaka ya mwisho.

Ijumaa wakubwa walikaa kwenye viti, mablanketi magotini. Taya akateleza. Penye mruko ule akachukua mwendo kama kawaida, na Regina Arkadyevna akaushika ukingo kwa mikono miwili. Mtoto akapaa, akazunguka mara tatu, akatua kimya, kama mtu anayeweka kikombe mezani wengine wamelala. Akaendelea mpaka mwisho. Muziki ule alikuwa ameufanyia mazoezi tangu masika, na siku hiyo ndipo alipousikia kwa mara ya kwanza.

Akaja ukingoni.

"Umebadilisha programu yangu," akasema Regina Arkadyevna.

"Ndiyo, Regina Arkadyevna."

"Nyonga?"

"Nyonga, na mimi mwenyewe. Nimechoka."

"Varya atahitaji kabati Jumatatu."

"Nimeshalifagia."

Na sasa hapa ndipo kantini nzima hunizomea, lakini nilikuwa nimekaa juu ya mashine yangu na niliona. Uwanja wote ulisimama. Wakubwa wa shirikisho walitupa mablanketi, wakapiga makofi mpaka taa mbili zikazimika, na Regina Arkadyevna, mwanamke ambaye hata kitunguu hakijawahi kumliza, akatoa leso, akamshika Taya mabega, akamwambia kwa sauti ya kutetemeka, "Mwanangu, katika miaka yangu yote sijapata ku—"

"Mjomba Rodya," akanikatiza Taya, kumbe yuko nyuma ya bega langu ananisikiliza nikisimulia, "leso umeitoa wapi? Kocha alitazama saa tu, akamwita Varya."